Sura ya Mama wa Darajani

Vita vilipomchosha, Jicho, mpiga picha wa magazeti, alifungua studio ndogo ya picha za vitambulisho. Magoti yalikuwa yamemgomea, na sikio moja lilikuwa limezibwa na mizinga. Mjini walimjua kwa picha moja tu: mama anayevuka daraja lililobomoka, mdomo wazi, amebeba mtoto aliyekwishakata roho. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, ikampa tuzo na jina. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitundika ukutani.

Asubuhi moja akaingia binti mwenye macho mekundu.

"Ya kitambulisho, mwanangu?"

"Hapana, baba. Mimi ni mtoto wa yule mama wa darajani. Nilizaliwa baada ya vita. Mama ametutoka juzi."

Jicho akashika ukingo wa meza. "Pole, mwanangu. Pole sana."

"Nyumba yetu iliungua na kila kitu. Na tangu picha yako, mama akiona kamera alikuwa anajifunika uso. Tunataka picha ya kuweka sebuleni, na iliyopo ni hiyo yako tu. Mimi siwezi kupita kwenda jikoni kila siku mama yangu akipiga mayowe. Huna nyingine? Hata moja, ametulia?"

Jicho akashusha sanduku la filamu, wakainama pamoja juu ya kioo chenye taa. Mama anakimbia. Mama amepiga magoti. Mama amemng'ang'ania mtoto, na mwanamume mmoja anajaribu kumtoa mikononi mwake.

"Huyo mtoto ndiye kaka," binti akasema taratibu. "Mama alisema alikuwa mtundu! Alikuwa anaficha viatu vya baba ili asiende kazini."

Wakafika mwisho wa filamu. Siku ile mama hakuwa na uso mwingine.

"Sina, mwanangu," Jicho akasema.

Binti akavuta kiti, akaketi mbele ya pazia. "Watu wanasema mimi na mama ni sura moja. Basi nipige mimi."

Jicho akalenga kamera, lakini uso wa binti ulikuwa umekaza. Akamwomba binti amsimulie tena habari za viatu. Binti akaanza, akafika pale baba anapotoka peku hadi barabarani, akatabasamu. Jicho akabonyeza.

Alasiri aliipeleka picha hiyo mwenyewe msibani, ikiwa kwenye fremu. Mama mkubwa, dada wa marehemu, aliipokea, akaifuta kwa upande wa nguo yake, akaitazama weee.

"Mdogo wangu alikuwa mzuri kuliko huyu," akasema. Binti akacheka, kicheko kikageuka kilio.

Mama mkubwa akaiweka juu ya kabati, kisha akamgeukia mgeni. "Ni wewe uliyempiga picha pale darajani?"

"Ni mimi, dada."

"Alikulaani sana, ujue. Miaka na miaka. Mwishowe akachoka."

Mama mkubwa akasogea kwenye benchi, akampigia kwa kiganja nafasi iliyobaki. Jicho akaketi hapo, katikati ya wafiwa, akalia kwa sauti.