Msimu wa Kumenya Gamu

…na kweli harufu ni nzuri, nani amekataa, moshi wa mabua ya maharage kutoka shamba la jirani, pilipili zilizoanikwa mkekani, mbao za baraza zilizopigwa na jua tangu asubuhi hadi zikawapasha joto wanawake wawili walioketi juu yake, Pilrye na mama mkwe wake, katikati yao karai la matunda ya gamu, ya rangi ya chungwa, simu imeegemezwa kwenye karai, sauti juu, na wifi yake Hyeryon anaongea kutoka Seoul kama redio isiyo na wa kuizima, "Yaani nawaonea wivu, wifi! Huku msimu wa majani kupukutika mimi nimeona jani moja tu, nalo limenasa kwenye kioo cha gari, lakini nyinyi huko mnao wote, basi ufaidi, usiufanye kazi tu, ufaidi!" nafaidi wifi, akajibu Pilrye, nafaidi sana, na kisu kikaendelea kuzunguka, ganda likishuka refu bila kukatika, maana gamu la kuanika humenywa hivyo, unaliachia kikonyo upate pa kufungia uzi, unalitundika upenuni, na ule ukakasi wa kukamata ulimi unageuka sukari wenyewe kwa baridi na upepo, siku arobaini tu… siku arobaini, alijiambia hivyo mwaka aliokufa mumewe, Dalsu, trekta lilipompindukia kule bondeni na vikapu vya gamu vimeshajaa uani, angefanyaje, ayaache yaoze? akamenya huku machozi yanadondokea karaini, majirani wakanong'ona kwamba mjane anamenya matunda hata matanga hayajaanuliwa, naye moyoni akasema yakikauka haya naondoka, nakwenda Tongyeong kwa dada yangu, pale mgahawani kwake, kile chumba cha juu chenye dirisha la baharini… "Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza mama mkwe, mara ya tano tangu wale chakula cha mchana, mkononi kipande cha ganda anachokitafuna kwa siri, wa hapa hapa Mama, "Mwongo! Watoto wa hapa hawamenyi hivyo, wewe unaliachia ganda nyama yote," haya Mama nitapunguza, na Hyeryon simuni anacheka, "Mama yuko vizuri eeh? Sauti kali vilevile!" yuko vizuri, anakula, analala, juzi tu alitoka alfajiri bila viatu kumtafuta Dalsu mpungani, lakini hilo Pilrye hakulisema, kama asivyosema mengi, kama alivyojibu dakika ile iliyopita Hyeryon alipomwambia, tena kwa dhati, "Ukichoka sema, wifi, chumba cha mwanangu kiko wazi tangu aoe, nitamchukua Mama mimi," naye akajibu sijachoka, upesi kuliko mkono unavyoruka moto, sijachoka, nani aliyesema vile? ulimi wa nani ule? miaka kumi na mmoja anauombea mlango ufunguke, leo umefunguliwa wazi na yeye ndiye aliyeurudishia… aibu ya ukoo? wala, wamebaki watatu tu, maneno ya kijiji? nusu ya kijiji iko makaburini na nusu nyingine haisikii vizuri, basi ni nini, ni nini kilichomshika, akashika gamu jingine, zito, lenye baridi ya asubuhi bado ndani yake, na asubuhi ya leo alitoka na kikombe cha chai ya shayiri akakuta sakitu, umande ulioganda, imetanda juu ya kabichi, jua linaichoma taratibu, kunguru wenye matumbo meupe wanagombania yale matunda matatu wanayoachiwa kileleni mwa mti, na furaha ikampanda kifuani mpaka akaketi chini akalia, hasira imemkaba, maana kila mwaka ni hivi hivi, ukiisha msimu wa gamu kuna kabichi za kutia chumvi, nazo ukizionja changa hivi na pilipili mpya, mtu hawezi kuondoka kabla ya kuzionja, halafu soya ya kuchemsha, nyumba nzima inanukia, halafu theluji, sakafu iliyopashwa moto chini ya godoro, halafu miche… mateso angeshayakimbia zamani, mateso mtu huyajua, lakini hivi vidogo vidogo vitamu, nani amewahi kukimbia kitu kitamu, angewaambia watu nini… "Una mikono mizuri," akasema mama mkwe, ametulia ghafla, anamtazama vidole, "mwanangu akirudi kutoka shambani nitamwambia akuoe," asante Mama, "Lakini ukatae," nikatae? "Ukatae, binti," yule bibi akainama, akashusha sauti kama mwenye nyumba yuko mlangoni, "mimi niliingia hapa nina miaka kumi na tisa, nikasema nakaa mpaka msimu uishe, matunda ya hapa matamu mno… msimu hauishi, unanisikia? Hauishi," kisha akarudi kutafuna ganda lake, macho yake yakaenda zake milimani, na kisu cha Pilrye kikasimama katikati ya tunda, akaviona vidole vile vya kizee vyenye madoa ya ukakasi yasiyotoka kwa sabuni, akaviona vyake, madoa yale yale, na Hyeryon anaaga, "Haya wifi, nisikuchoshe, unitumie picha yakishatundikwa," na jua liko pale pale juu ya baraza, moshi unanukia vile vile, vizuri, vizuri sana, atapapenda hapa mpaka afe, hilo amelijua leo, na mahali mtu anapopapenda, kumbe, panaachika pia, kisu kimeanza tena kuzunguka chenyewe, "Wifi," akasema, "usikate simu."