Kiti cha Nne

Watu wengine huzikumbuka likizo zao za utotoni kwa picha. Kasuku hana picha hata moja. Mama alizichoma zote, na kwa kweli huwezi kumlaumu. Lakini kumbukumbu haichomeki. Mpaka leo, mtu mzima wa miaka thelathini na ushee, akisikia watoto wakicheka kwenye maji huondoka mahali hapo.

Jina hilo la Kasuku alipewa na baba yake alipokuwa na miaka minne, kwa sababu aliweza kuiga sauti ya kila mtu nyumbani. Alikohoa kama jirani, akagomba kama Mama, na akaiga sauti ya dada yake mkubwa mpaka Mama akawa anamjibu mtu ambaye hayupo. Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomharibu mtoto. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba sauti ya mtu ni mali yake, haiazimwi.

Baba yao alikuwa dereva wa basi la masafa marefu. Zamani, kabla hajaoa, aliwahi kumsahau abiria mzee kwenye kituo cha porini, na jambo hilo halikumtoka rohoni. Tangu siku hiyo hakuondoa gari kabla ya kuita viti, kimoja kimoja, mikono ikiwa kwenye usukani na macho mbele. "Dereva wa kutazama nyuma atawaua wote," alikuwa akisema. Kila likizo alipoipeleka familia milimani, kwenye kibanda cha kupanga, alikwenda na desturi yake hiyo hiyo. Walitembea kwa mstari kwenye vijia vyembamba, Baba mbele na fimbo yake, na kila baada ya mwendo aliita bila kugeuza shingo.

"Kiti cha kwanza!"

"Nipo," Mama aliitika, mtoto mgongoni na kapu kichwani.

Mtoto huyo, Kitindamimba wa miaka mitatu, alikuwa kiti cha pili, na aliitika kwa kelele za kuwatoa ndege mitini. Kasuku, binti wa kati, alikuwa cha tatu. Dada, mwenye miaka kumi na minne na aibu ya kuonekana na wazazi wake, alikuwa cha nne, nyuma kabisa. Yeye aliitika kwa kuburuta, "Nipooo," kana kwamba kuwepo kwenyewe kunamchosha.

Zilikuwa likizo tamu, lazima hilo lisemwe. Baba aliwafundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi. Dada alimfundisha Kasuku kupiga mbizi kwenye kidimbwi chini ya maporomoko, akimshika kiuno na kumwambia asiogope, maji yanamjua anayeogopa. Walirudi jioni wamechubuka magoti, wananuka moshi, wanagombania viazi vya kuchoma. Kitu kimoja tu kilimnyima Baba raha: korongo lililokatiza kati ya kidimbwi na mahali walipoegesha gari. Lilikuwa pana kama barabara kuu, kavu, mchanga mtupu, na watoto walitaka kucheza humo. Baba aliwavusha mbio kila safari, kama watu wanaofukuzwa.

"Mvua ya milimani haikutumii barua," alisema.

Watoto walichekelea. Mchanga unachoma nyayo namna ile, maji yatoke wapi?

Siku ya mwisho ya likizo ya mwisho, jua liliwaka kidimbwini lakini vilele vya milima vilikuwa vimefunikwa na wingu jeusi tangu asubuhi. Ndege walikuwa kimya. Baba alikula wima, na kabla watoto hawajakauka nywele alishasema wakusanye vitu. Kwenye kijia Kasuku alihisi kidole kikimgusa bega.

"Nimesahau saa ya Mama kwenye jiwe," Dada alinong'ona. Saa hiyo aliivaa bila ruhusa. "Nakwenda mara moja. Baba akiita, niitikie."

"Akijua je?"

"Atajulia wapi? Wewe si Kasuku?"

Akaenda zake, viatu mkononi. Kasuku alivimba kichwa. Dada yake, aliyekuwa akimfukuza kila siku chumbani, leo amemwamini kwa kazi ya hatari. Baba alipoita, Kasuku aliitika cha tatu kwa sauti yake, akameza mate, akaitika cha nne kwa sauti ya Dada. "Nipooo." Ilitoka safi. Mama, aliyekuwa hatua tatu mbele, hakushtuka. Mtu mwenye kapu kichwani na mtoto mgongoni hageuki ovyo.

Walifika korongoni Dada hajarudi. Walivuka. Baba alipopanda ukingo wa pili aliita tena, na Kasuku aliitika tena, ingawa safari hii aligeuka kwanza kutazama nyuma. Alijiambia Dada yuko karibu, atatokea sasa hivi. Wakashika kijia cha kupanda.

Hawajafika mbali, ardhi ikatetema kidogo chini ya miguu. Kisha ukaja mlio kutoka juu ya korongo, mzito, kama malori mengi yanayoteremka bila breki.

"Mnasikia?" Baba alisema, bado akitembea. "Maji hayo. Tungekawia kidogo tu, tungesimuliwa. Kiti cha kwanza!"

"Nipo."

"Cha pili!"

"Nipo!"

"Cha tatu!"

"Nipo."

"Kiti cha nne!"

Hapa ndipo pa kusimama. Sauti zile mbili za kwanza zilikuwa utundu wa mtoto, na utundu husameheka. Lakini sasa Kasuku alikuwa anayasikia maji kwa masikio yake, na alijua Dada yuko ng'ambo. Alikuwa na pumzi moja ya kusema kweli. Akaiona sura ya Baba akigeuka, akauona mkanda wake, akaiona na sura ya Dada akimwita msaliti. Akajiambia Dada ana akili, atasubiri maji yapungue. Akafungua kinywa.

"Nipooo."

"Haya, twende," Baba alisema.

Walipofika kwenye gari Baba akageuka kupokea mizigo, akahesabu vichwa kwa macho. Akahesabu tena. Kasuku hasahau jinsi uso ule ulivyopoteza rangi.

"Dada yenu yuko wapi? Si ameitika hapa sasa hivi?"

Mama aliangusha kapu. Walirudi mbio mpaka ukingoni, na korongo halikuwa korongo tena. Maji ya rangi ya matope yalijaa ukingo hadi ukingo, yakibeba magogo na mbuzi aliyekufa. Baba aliita kiti cha nne mpaka sauti ikamkauka. Kila alipoita alinyamaza, akatega sikio, na hakuna aliyeitika. Kasuku alikuwa amesimama nyuma ya Mama, na hakusema.

Wachimba mchanga walimwokota Dada saa kumi na moja jioni, mbali huko bondeni, amekumbatia mizizi ya mti. Mguu ulikuwa umevunjika mara mbili. Saa ya Mama ilikuwa bado mkononi.

Wodini, muuguzi mmoja mcheshi alimtania, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, eeh?" Dada hakucheka. Alingoja Mama atoke kwenda kuchota maji, akamwita Kasuku karibu na kitanda.

"Nilifika ukingoni nikawaona," alisema. "Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia, hayajazidi magoti. Niliwaona migongo, nikapiga kelele, Baba, Baba, upepo ukanirudishia. Halafu akaita kiti cha nne. Nikashukuru Mungu, nikasema sasa atanikosa, atageuka." Akalivuta shuka kifuani. "Nikajisikia nikiitika."

Kasuku alianza kulia.

"Usinililie. Niliposikia vile nilijua hamgeuki tena, mnaniacha. Ndiyo maana nikaingia. Bila ile sauti ningekaa palepale." Alitazama dari. "Mimi sitakusemea kwa Baba. Sema mwenyewe."

Baba aliingia wakati huohuo na chupa ya chai. Alikuwa hajalala siku mbili. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika Dada mkono.

"Mwanangu, sikugombezi. Nataka kweli tu. Pale juu, baada ya maji kuja, nilikuita. Uliitika, hukuitika?"

"Sikuitika, Baba."

Alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilikusikia. Wallahi nilikusikia."

Dada alimtazama Kasuku. Kasuku alitazama miguu ya kitanda, ya chuma, iliyobanduka rangi. Chai ilipoa, Mama akarudi, na nafasi ikapita.

Wiki iliyofuata Baba alirudisha funguo za basi. Wenzake walimsihi, bosi alimsihi. Aliwaambia dereva anayesikia watu wasiokuwepo hafai kubeba roho za watu. Wakampa kazi ya kutunza stoo ya matairi, peke yake, na huko alikaa miaka kumi na saba. Likizo zikaisha. Nyumbani ukimwita kutoka chumba kingine hakuitika. Alikuja kwanza mlangoni, akuone kwa macho kwamba upo, ndipo aseme, "Naam." Dada alikua akaondoka na mguu wake wa kuchechemea, akaolewa mbali. Kasuku naye hakuiga sauti ya mtu tena, hata wageni walipomwomba.

Alisema, hatimaye. Alikuwa mtu mzima, amekuja kusalimia, na Baba alikuwa uani akigongea mguu wa kiti kilichovunjika. Kasuku alichuchumaa mbele yake, ili amwone mdomo.

"Baba, siku ile ya korongo, aliyeitika ni mimi. Dada aliniomba. Masikio yako hayakuwa na kosa."

Baba aliweka nyundo chini. Alimtazama, na usoni mwake hamkuwa na hasira hata chembe, ila huruma.

"Mama yako amekutuma," alisema.

"Hapana, Baba. Ni kweli. Nilimwiga."

"Mwanangu, mimi ningekosea sauti ya mtoto wangu? Ile ilikuwa ya dada yako. Ya kwako naijua."

"Sikiliza basi." Kasuku alifumba macho, akajaribu. Alijaribu mara ya kwanza, akajaribu ya pili. Ilitoka sauti ya mwanamke mzima, nzito, yenye kwikwi, isiyofanana na ya mtu yeyote ila yeye.

Baba alimpapasa kichwa, kama alivyofanya alipokuwa mdogo na ameanguka.

"Ahsante, mama," alisema. "Ulikuwa mtoto mwema tangu zamani. Hebu nishikie huu mguu nipige msumari."

Akaushika.