Jua la Saa Nne na Dakika Kumi

Mpiga picha alikuwa na hasira hata kabla ya kuiona picha yenyewe. Kwa miezi minne tangu wamzike mama yake, hasira hiyo alilala nayo na kuamka nayo. Pale studio, wateja wa picha za pasipoti walikaa wima bila kuambiwa. Nyumbani kwa mama mkubwa, dada wa marehemu, hakukanyaga tena, maana mama mkubwa akimwona tu njiani hujitia kutafuta kitu ndani ya mkoba mpaka apite.

Kisa ni kimoja. Jumapili mama alipofariki, yeye alikuwa safarini, akipiga picha za harusi ya watu. Aliyeachiwa mama ni mdogo wake wa kiume, muuza vipuri, ambaye ukoo mzima humwita Mheshimiwa kwa sababu hajawahi kuona kikao akakosa la kusema. Na msibani alisema, tena kwa mapana. Alisimama akaeleza alivyofika mapema, alivyobonyeza kamera ya dada yake saa tatu kamili asubuhi kama alivyoagizwa, alivyokaa na mama saa nzima wakicheka, hadi mama alipotaka kuinuka, akaishiwa nguvu na kumfia mikononi. Watu walilia. Mama mkubwa akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nje, kwamba afadhali mmoja wa watoto alikuwa na akili ya kubaki.

Hiyo kamera nayo ilikuwepo kwa ajili ya mama. Tangu apooze upande mmoja alilazwa chumba cha mbele, na dirisha ndilo lililokuwa televisheni yake. Alilalamika kwamba jua linamhama: miezi fulani linamwangukia miguuni asubuhi, miezi mingine linaishia ukutani. "Linakwenda wapi hili?" aliuliza kila siku, hadi binti yake akachoka kujibu. Akafunga kamera ya zamani ya filamu kwenye fremu ya dirisha kwa skrubu nne, akaweka kioo cheusi mbele ya lenzi, na kila Jumapili saa tatu kamili akalipiga jua bila kusogeza filamu, ili majua ya mwaka mzima yakae kwenye picha moja. Ukichelewa dakika chache, umeharibu. Kwa hiyo aliweka sheria, na kwa sheria zake alikuwa mkali kama pilipili. Ole wake atakayegusa kamera. Ole wake atakayesahau saa. Hata mama alipata kufokewa kwa kuning'iniza taulo pale dirishani.

Mwaka ulipotimia aliisafisha filamu mwenyewe, kwenye chumba cha giza nyuma ya studio, akachapa picha kubwa. Majua yalikuwa yamejipanga vizuri, yakichora namba nane nyembamba iliyolala ubavu juu ya mapaa ya nyumba. Palikuwa na mapengo machache, Jumapili za mawingu, zote zimeandikwa kwenye daftari lake. Lakini jua moja lilikuwa limetoka nje ya mstari. Lilikaa juu, mbali na wenzake.

Kwanza alijilaumu. Kisha akalichukua daftari, akayapitia mapengo moja moja. Lilibaki pengo moja ambalo halikuwa na mawingu. Lilikuwa la Jumapili ile.

Jua hutumia kama dakika mbili kusogea upana wake lenyewe. Alikata ukanda wa karatasi, akaweka alama, akapima kutoka kwenye pengo hadi kwenye lile jua la peke yake. Majua thelathini na tano yalienea hapo katikati. Dakika sabini. Saa nne na dakika kumi.

Alipima tena. Mara ya tatu penseli ikamvunjikia mkononi.

"Mwongo," alisema, peke yake, katikati ya studio. "Mwongo mkubwa we!"

Alimkuta Mheshimiwa dukani kwake, nyuma ya kaunta, akimhudumia mteja aliyeshika plagi mbili.

"Shikamoo, dada."

"Sikuja kupokea shikamoo." Akaitandika picha juu ya kaunta, akaweka kidole. "Hili ni jua la siku aliyokufa mama. Limepigwa saa nne na dakika kumi. Ulikuwa wapi saa tatu?"

"Dada, hiyo kamera ya zamani, labda iliteleza..."

"Na majua mengine yote yakabaki mahali pake? Usinifanye mtoto. Ulikuwa wapi?"

Mteja aliziweka plagi taratibu, akatoka bila kuaga. Mheshimiwa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hapakutoka hotuba.

"Nilipitiwa na usingizi," alisema mwishowe. "Nilipofika nilimkuta sakafuni."

"Saa nzima! Mama yangu alilala sakafuni saa nzima, na wewe ukasimama mbele za watu ukasema mlikuwa mnacheka!"

"Alikuwa hai, dada. Kunifia mikononi, hilo sikudanganya."

"Alikuwa hai, ukamruka ukaenda kubonyeza kamera? Ili uongo wako upate ushahidi?"

"Hapana." Mheshimiwa alikuwa analia sasa, wala hakujifuta. "Hakuanguka pale kitandani. Nilimkuta chini ya dirisha."

"Dirishani alifuata nini?"

Mheshimiwa aliitazama picha, na dada yake akaitazama pia.

"Alinisubiri, akaona siji," alisema Mheshimiwa. "Nilipotaka kumwinua, alinishika mkono. Akaniambia, 'Bonyeza kwanza, saa imepita. Dada yako atanifokea.' Nikamwambia mama, achana nayo. Akang'ang'ania. Nikabonyeza, ndipo nikamwinua."

Mpiga picha alitamani kumpiga mtu. Lakini aliyestahili kupigwa hakuwa tena mmoja. Aliikunja picha mara mbili, akaibana kwapani.

"Funga duka. Tunakwenda kwa mama mkubwa, sasa hivi. Utamwambia ulichelewa."

"Nitamwambia." Mheshimiwa alizitafuta funguo kwa muda mrefu. "Na lile la dirishani, dada? Lile sijamwambia mtu yeyote. Niliseme?"

"Lile nitalisema mimi."