Wembamba wa Unywele

"Taa zilikuwa hafifu, dada. Na ile rangi ya dhahabu nilimkataza mchapaji tangu mwanzo."

"Taa! Rangi! Bado kuwalaumu maharusi tu." Dada mkubwa alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kazi, mkoba begani, kiti hakitaki. "Mimi nimekuuliza jambo moja. Kwa nini ulinyamaza?"

Mdogo wake akageukia kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na herufi moja, kubwa kama sufuria. Yeye alikuwa mchoraji wa herufi, kazi ambayo shangazi zake hawajaielewa hata leo. "Kwani herufi si zipo tayari?" walimuuliza. Miaka miwili alikuwa akizichora hizi: nene ubavuni, nyembamba kama unywele mabegani, na kila moja imesimama juu ya vijiguu vidogo vilivyochongoka, kama bibi aliyevaa visigino. Kampuni ya kadi za harusi ilikwisha kuzikubali. Leo mchapaji alikuwa anaanza kuzitia kwenye kadi zote za msimu.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya harusi ya binti wa dada huyu huyu. Mama yao ndiye aliyepewa kusoma neno la familia. Mama alijifunza kusoma ukubwani, mikono ikiwa imechubuka kwa kufua nguo za watu, na tangu hapo hakuna karatasi iliyompita: risiti, chupa za dawa, mabango ya barabarani. Jioni ile alisimama, akavaa miwani, akasoma mstari mmoja, akakwama. Akaisogeza kadi mbali. Akaileta karibu. Meza ya nyuma, jirani yao akapaza sauti: "Mpeni anayejua kusoma!" Watu wakacheka kile kicheko cha harusini kisicho na ubaya, ambacho ndicho kibaya zaidi.

Mchoraji alijua papo hapo. Tangu alipoishika kadi mlangoni aliona dhahabu imemeza mistari yake yote myembamba. Ile n ndogo imebaki nguzo mbili zisizo na paa. Akainuka, akaitoa kadi mikononi mwa mama yake, akasoma mpaka mwisho kwa sauti tamu. Alipigiwa makofi. Mtu akamwambia mama, "Bahati yako una msomi nyumbani." Naye akarudi kukaa, akala keki yake ikaisha.

"Nilimwokoa," alisema sasa, sauti imepungua.

"Ulimwokoa?" Dada alifungua mkoba, akatoa kadi. "Haya, soma."

Akaanza bila kusita.

"Ngoja. Hayo uliyatunga mwenyewe, unayo kichwani. Geuza nyuma. Soma shukrani, nilizoandika mimi."

Akageuza. Akasogea dirishani. Nguzo za dhahabu zilimtazama, moja moja, kama uzio uliong'olewa fito.

"Tunawashukuru... marafiki wote..."

"Marafiki sikuwataja kabisa."

Aibu ikampanda kutoka shingoni, taratibu, kama maji ya moto. Akaiweka kadi mezani kifudifudi.

"Mama ametia miwani kwenye kopo la vifungo," dada alisema, ukali umemtoka. "Jana kanipa simu nimsomee ujumbe. Anasema kusoma kumemtoka, akili imechoka. Nawe unaishi naye uwa mmoja, unamwacha aamini hivyo."

Mchoraji alichukua simu, akampigia mchapaji, akamwambia asimamishe kazi.

"Fundi, mashine ndiyo kwanza imepata moto!"

"Izime. Herufi zangu zitumie kwa majina ya maharusi tu, makubwa, yajae kadi. Maneno madogo weka herufi nyingine yoyote."

"Si ulisema zinafaa kote?"

"Nilisema. Zikiwa ndogo hazisomeki."

"Na wenye kampuni niwaambie nini?"

"Hivyo hivyo nilivyokwambia. Wakikasirika, wanipigie mimi."

Akakata. Akaichukua ile kadi, akatoka nayo uwani, dada nyuma yake.

Mama alikuwa akikunja shuka na jirani, yule yule wa meza ya nyuma, kila mmoja ameshika pembe zake.

"Mmemaliza kugombana?" mama aliuliza. "Maana kelele zenu zimefika mpaka kwa wakwe."

"Mama, kadi hii haisomeki." Alisema kwa sauti ya kumfikia jirani pia. "Siku ile sikuisoma. Nilikuwa nimekariri. Kosa lilikuwa la herufi zangu, nami nilijua, nikanyamaza."

Jirani akatazama miguu yake. Mama hakusimamisha kazi. Alimfuata jirani, pembe kwa pembe, akaipokea shuka, akaikunja tena, akailaza juu ya nyingine na kuisawazisha kwa kiganja.

"Uliitoa mkononi mwangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Watu wakapiga makofi."

"Ndiyo."

Mama akanyoosha mkono. Akapewa kadi. Akaingia nayo ndani, pazia likaanguka nyuma yake. Pale nje hakuna aliyethubutu kukaa. Kisha wakasikia kifuniko kikibanduliwa, na kopo zima la vifungo likamwagwa mezani. Vikatawanyika, vikagonga sakafu. Kimoja cheupe kikaviringika chini ya pazia, kikavuka kizingiti, kikazunguka na kuzunguka miguuni mwa mchoraji.