Swali la Mshtakiwa wa Pili

Pale mahakamani korido ni moja na benchi ni moja. Aliyekuja kushtaki anakaa hapo, aliyeshtakiwa akiwa nje kwa dhamana anakaa hapo, na shahidi naye, apende asipende, anakaa hapo hapo. Ndiyo maana asubuhi ile nilijikuta bega kwa bega na mtu niliyekuja kumtaja.

Alikuwa mkandarasi. Sisi wa saiti tulimwita Bosi. Alivaa suti ya kijivu, akanukia marashi, na aliponiona nimesimama nikitafuta pa kujibanza, alinisogezea nafasi utadhani benchi lilikuwa sebuleni kwake.

"Karibu ukae, dada. Pole na safari."

"Ahsante," nikasema. Hilo tu. Mimi, ambaye mafundi wote waliniita Redio kwa sababu sizimiki, siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa naogopa, na sioni haya kusema.

Nilikuwa nikiuza chai kwenye jengo lake. Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa fundi mwashi hapo hapo. Ghorofa ya juu ilikuwa imemwagwa zege, na chini yake zilisimama nguzo za mbao za kulishikilia mpaka likomae. Bosi alizitaka nguzo zile kwa jengo lake jingine. Akaja mezani kwangu, akachukua kikombe, akamwambia mdogo wangu azifungue. Mdogo wangu akakataa. Akasema zege bado changa, litaua mtu. Bosi akapuliza chai, akasema, "Asiyetaka kazi aseme, wenye njaa wamejaa getini." Kisha akamwita saidia fundi mmoja tuliyemwita Ngazi kwa urefu wake, akamtuma yeye. Ngazi hakuwa na ubavu wa kukataa. Aliingia na nyundo yake huku akicheka, akaniambia nimfunikie chai isipoe.

Chai ile ilipoa. Mdogo wangu ndiye aliyefukua kifusi kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, na mimi ndiye niliyemfunga Ngazi kidevu kwa kitambaa cha kufutia vikombe.

Polisi walimkamata Bosi na mdogo wangu pamoja, kwa kosa moja la kusababisha kifo kwa uzembe. Bosi akaeleza kwamba fundi alifungua nguzo kwa kichwa chake mwenyewe. Mafundi wengine wakahamishiwa kazi za mbali, na waliobaki wakapatwa na usahaulifu wa ghafla. Nikabaki mimi na masikio yangu.

Likaja suala la dhamana. Hakimu alitaka wadhamini wenye mali isiyohamishika. Bosi alileta hati ya nyumba, na siku hiyo hiyo akaenda kulala kitandani kwake. Mimi mali yangu isiyohamishika ni ukaidi, na huo mahakama haiupokei. Mdogo wangu akapelekwa mahabusu. Kesi ikawa ya kupigwa danadana: leo hakimu anaumwa, kesho wakili wa Bosi ana kesi nyingine, keshokutwa jalada halionekani. Kila nilipokwenda kumtazama alinitania kutoka nyuma ya nondo. "Usinihurumie, dada. Mimi nalindwa na askari wenye bunduki. Wewe unalindwa na nani?" Tukacheka. Hebu fikiria, tulikuwa tunacheka.

Sasa nilikuwa hapo kwenye benchi, na Bosi alikuwa ananiinamia kama mtu anayetaka kukupa habari njema.

"Ule mlango wako," akasema. "Ule wa bluu. Umeliwa na mchwa huku chini."

Naishi peke yangu, chumba cha kupanga cha uani. Mlango wangu hauonekani barabarani. Lazima uingie uchochoroni, upite mabafu, ukunje kona, ndipo uuone. Na mchwa wenyewe wako chini kabisa, hata mimi huwaona nikiinama kufagia.

"Mwanamke wa peke yake halali na mlango wa namna ile," Bosi akaendelea. "Nina fundi wangu. Nitamtuma akubadilishie. Hata leo jioni."

"Usijisumbue, Bosi."

"Hakuna usumbufu. Sisi watu wa ujenzi ni ndugu. Wewe ongea vizuri humo ndani, na mimi nitakujengea vizuri."

Askari wa mahakama alikuwa amesimama karibu yetu na alisikia kila neno. Lakini angemshika kwa lipi? Mtu kaahidi mlango mpya. Maneno matamu namna hiyo hayana kifungu cha sheria.

Hapo ndipo alipotokea binti wa tume. Ilikuwa ile tume iliyozunguka mahakama zote kukusanya maoni ya wananchi, ili sheria zirekebishwe. Alikuwa na kitambulisho shingoni, karatasi mkononi na tabasamu la mtu aliyelala vizuri. Akatutazama tulivyobanana, akasema kwa upole, "Shikamooni. Baba na mama mmekuja kwa shauri la ndoa?"

Bosi alicheka mpaka akafuta machozi. "Hapana, mwanangu. Sisi ni kama majirani tu."

Binti akaomba radhi, akacheka naye. Simlaumu. Kwenye benchi lile mwizi na aliyeibiwa wanafanana. Akatuuliza, kama tungepewa uwezo, tungebadilisha nini katika haki.

"Elimu," Bosi akawahi. "Watu wa chini hawajui sheria. Wanadanganywa, wanakuja kusema wasiyoyajua, mwisho wanajiponza." Neno hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi.

"Hoja nzuri sana," binti akasema, akaandika. "Na wewe, mama?"

Nilikuwa nayo mengi. Nilikuwa nimeyapanga kichwani kesi ikiahirishwa na kuahirishwa. Nilitaka kumwambia dhamana imwangalie mtu, isiangalie hati ya nyumba. Mtu mwenye dada, kazi na mtaa anaojulikana atakimbilia wapi? Nilitaka kumwambia asiye na wakili apewe, maana haiwezekani mtu aisikie sheria kwa mara ya kwanza siku inapomkaba koo. Lakini bega la Bosi lilikuwa limegusa langu, lenye joto, na ulimi ukawa mzito. Kilichotoka kilikuwa kimoja.

"Wekeni benchi la pili."

Alingoja niendelee. "Benchi tu, mama?"

"Benchi tu. Mkiweza, na ukuta katikati."

Akaandika, kwa adabu ya mtu anayeandika ili asimvunje mkubwa moyo. Kisha karani akafungua mlango na kuniita.

Ndani palikuwa na joto la kuoka. Bosi alikaa karibu na wakili wake, miguu kaikunja nne. Mdogo wangu alisimama kizimbani amekonda, na shati lile lile alilokamatwa nalo. Nikala kiapo. Mwendesha mashtaka akaniuliza siku ile nilisikia nini.

Nilimtazama mdogo wangu ili nipate nguvu. Akatikisa kichwa. Kidogo tu, ambavyo hakimu asingeona. Aliwajua watu wa Bosi kuliko mimi, na alikuwa ananiambia ninyamaze. Ndugu yangu alikuwa tayari kuoza mahabusu ili mimi nisiguswe. Hapo niliogopa mara mbili, na hasira ikanipanda juu ya woga, kwa sababu nilimkumbuka Ngazi na chai yake.

Nikasema. Nilisema yote, kikombe na nguzo na njaa iliyojaa getini. Sauti ilitetemeka kama ya mgonjwa wa homa lakini ilitoka. Nilipofika pale Bosi alipomtuma Ngazi, mtu mmoja wa Bosi aliyekaa kiti cha nyuma alinyanyuka, akainama kwa heshima mbele ya hakimu, akatoka.

Wakili wa Bosi hakuwa na haja ya kujichosha. "Shahidi, mshtakiwa wa pili ni nani yako?"

"Mdogo wangu."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Sina swali jingine, mheshimiwa."

Watu wakaguna. Kisha hakimu akamgeukia mdogo wangu, maana asiye na wakili hujiulizia mwenyewe. "Mshtakiwa wa pili, una swali kwa shahidi?"

Nilimwomba Mungu amtie neno mdomoni. Aniulize tu kama nilimsikia akikataa. Swali moja dogo, nami ningelijibu kwa sauti ya kupasua paa. Akashika mbao za kizimba. Akakitazama kile kiti cha nyuma kilichoachwa wazi.

"Ninalo moja, mheshimiwa."

"Uliza."

"Dada, leo nani atakurudisha nyumbani?"

Kalamu zilisimama. Hakimu alivua miwani, akaivaa tena. "Hilo halihusiani na kesi hii," akasema, wala hakusema kwa ukali. "Uliza linalohusu kesi."

"Sina jingine, mheshimiwa. Ni hilo tu."

Kesi ikaahirishwa. Mdogo wangu akapitishwa mlango wa nyuma, askari mbele, askari nyuma, akigeuza shingo kunitafuta. Bosi akatoka mlango ule ule niliotokea mimi. Koridoni akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Umeongea vizuri, dada. Sauti yako inasikika," akasema. "Yule fundi wa mlango ameshatangulia kwako."

Akaenda zake.

Nikakaa kwenye benchi. Benchi lile nililolichukia siku zote, siku hiyo nililishika kwa mikono yote miwili. Watu waliondoka mmoja mmoja, madirisha yakaanza kufungwa. Askari akaja na funguo, akaniambia wanafunga. Nikamweleza. Alisikiliza, akakuna kichwa.

"Nenda kituoni ukaandikishe, mama. Ila watakuuliza, fundi amevunja nini? Na kama hajavunja..." Hakumaliza. Alikwenda kufunga chumba cha hakimu, nadhani alifunga taratibu kuliko kawaida yake ili nipate muda.

Binti wa tume akatokea, mkoba begani, bado anatabasamu. "Mama! Bado upo? Maoni yako nimeyaweka, hata lile la benchi. Yatafika kwa wakubwa."

"Yatafika lini, mwanangu?"

"Ripoti inatoka mwakani. Halafu bunge likipata nafasi, watayajadili."

"Sawa. Na mimi leo nitafikaje nyumbani?"

Alidhani nazungumzia usafiri, akaanza kufungua mkoba. Kisha akaiona mikono yangu ilivyong'ang'ania benchi. Nikamwambia yule jirani wa asubuhi ni nani, ameshtakiwa kwa nini, na mlango wangu umeliwa na mchwa upande gani. Nilimwambia na swali la mdogo wangu, na hakimu alivyosema halihusiani na kesi. Tabasamu lilimtoka polepole, likaisha.

Akageuka kutazama nje. Gari la Bosi lilikuwa bado limesimama getini, injini inanguruma. Bosi alishusha kioo, akampungia mkono kwa adabu, akamwita kwa jina lake lililokuwa kwenye kitambulisho.

Binti hakupunga. Alikivua kitambulisho shingoni, akakikunjia kiganjani, akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Aliniuliza ninakaa wapi, sasa hivi pale nje," akaninong'oneza. "Nilidhani ni maongezi tu. Nikamwambia."

Nikamsogezea nafasi, akakaa.