Paa Linalovuja Jumapili

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta miongoni mwa hawa wengine. Mke wangu Raili alishamtafuta, akamkuta palepale alipomwacha asubuhi, mezani, anakoroga kahawa.

Jambo lenyewe lilikuwa paa. Nyumba tunayokaa hapa Kainuu, kaskazini kwenye theluji, si yangu, ni ya ukweni. Nilihamia kwa mke badala ya mke kuhamia kwangu, na mwanamume wa namna hiyo huku kwetu ana jina lake na vichekesho vyake. Kwa miaka thelathini na moja nimevisikia vyote, na viwili nilivitunga mwenyewe ili nisipitwe. Baba mkwe, aliyeijenga nyumba kwa mikono yake, ni marehemu. Mama mkwe, Tyyne, ana miaka themanini na minane, anasikia anachotaka, na analala chumba cha mwisho, kinachopakana ukuta na sauna, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke.

Katikati ya Januari paa likaanza kumvujia. Si kila siku. Jumapili tu. Asubuhi ya Jumapili tone lilijitokeza kwenye ubao wa dari, likamwangukia kwenye mto, likafuatwa na lingine na lingine mpaka saa sita mchana. Kisha kimya hadi Jumapili ya pili yake. Tyyne akaweka beseni juu ya blanketi, akawa analala nalo kama watu wanavyolala na paka. Wiki ya tano akavuta sanduku lake la nguo kutoka chini ya kitanda. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba chumba kile ndimo alimozaliwa Raili na ndimo alimofia mzee, na yeye pia amekusudia kufia humo, ila hakukusudia kuzama. Kama mwezi wa Februari utakwisha paa halijapata dawa, atahamia nyumba ya wazee mjini. Sanduku akalisimamisha mlangoni, tulione kila tunapopita.

Raili alinitazama tu. Paa ni kazi ya mwanamume, hata akiwa wa kuhamia.

Basi nikaanza kumshuku Kauko.

Kauko ni jirani yetu, amefiwa na mke, na ni fundi bati. Paa lile alilipiga yeye miaka tisa iliyopita. Sauna yake mwenyewe iliungua, na tangu hapo kila Jumamosi huja kuoga kwetu. Sasa hebu pima nami: Kauko anakuja Jumamosi, paa linavuja Jumapili. Theluji imelala juu ya bati toka Novemba, haijayeyuka hata kijiko. Mvua hakuna. Nje ni digrii ishirini na tano chini ya sifuri. Maji yatoke wapi kama hayaletwi na mtu? Mimi niliwahi kununua farasi kipofu kwa mtu aliyenisifia macho yake, na toka siku hiyo siamini bahati mbaya inayofuata kalenda.

Nilimwita aje alikague. Akapanda Jumatano, akaisukuma theluji chini, akapapasa skrubu moja baada ya nyingine kwa vidole vitupu, akipiga mluzi. Mluzi ule sikuupenda. Aliposhuka akasema bati ni zima, hakuna mshono uliofunguka, na hata lingekuwa bovu asingelibandua sasa. Bati ukilikunja katika baridi hii rangi yake hupasuka. Na nyumba ukiivua kofia mwezi wa Februari, theluji ikishaingia kwenye maranda ya kuzuia baridi darini, hutamaliza kuikausha kabla ya Juni. Ngoja kiangazi, alisema, na huenda hata kiangazi usihitaji paa jipya.

Fundi anayeikataa kazi. Nina miaka sitini na minne, sijapata kumwona. Nikajua ama anaficha bati bovu alilonipigia, ama anataka liendelee kuoza mpaka nimpigie magoti.

Wiki hiyohiyo akaja mtu kutoka mji wa Oulu, muuza mapaa, jina lake Lindroos. Alikuja na gari safi, nasi huku mwezi wa Februari magari yetu yote yana rangi moja, ya matope na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Hilo peke yake lingetosha kunizindua. Ngazi hakuigusa. Alilitazama paa kupitia kioo cha gari, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa, akasema limekwisha. Kisha akaingia ndani, akala vipande vitatu vya mkate wa iliki wa Raili, na kila kipande akakisifia peke yake. Watu wake, alisema, hawajui baridi wala joto. Jumatatu wataanza kubandua, Jumanne jioni mama atalala chini ya paa jipya. Akaacha karatasi ya kutia sahihi, ataipitia Jumatatu asubuhi.

Niliiweka chini ya bakuli la sukari. Raili akaniuliza swali moja tu: mtu ambaye hakupanda ngazi amejuaje kilichoko juu? Nikamjibu kwamba ana uzoefu.

"Hata yule wa farasi alikuwa nao," akasema.

Nikaamua kumfumania Kauko kwanza, sahihi baadaye. Hakika yangu ilikuwa kwamba akiachwa peke yake atapenya darini na kulegeza skrubu mbili tatu. Basi Jumamosi alipofika na taulo lake begani, nikasema mgongo unaniuma, leo sitaingia. Sasa, huku kwetu mwanamume akiikataa sauna siku ya Jumamosi, jamaa zake huanza kufikiria nyimbo za mazishi. Raili akanishika paji la uso. Tyyne akauliza tumwite muuguzi au tuanze na mchungaji. Kauko alinitazama kitambo, akaguna, akaenda kuoga peke yake.

Nikasubiri wanawake washike habari zao jikoni. Nikavaa koti la manyoya, nikachukua tochi, nikapanda darini, nikajibanza nyuma ya dohani.

Baridi ya mle ilikuwa ya kunyofoa masikio. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha chini nikasikia maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto, na Kauko akiugulia kwa raha, na matawi ya majani tunayojichapia kuamsha damu yakipiga mgongo wake. Mara hewa ikabadilika. Ikawa na joto, ikawa na harufu ya majani. Hatua mbili kutoka miguu yangu wingu likainuka sakafuni, likapanda moja kwa moja hadi kwenye bati. Nikainua tochi. Bati lote lililo juu ya chumba cha Tyyne lilikuwa limeota manyoya meupe ya barafu, unene wa kidole, na pale wingu lilipoligusa manyoya yalikuwa yanaachia. Tone la kwanza likanipata puani; mengine yakazama kwenye maranda, yakatafute njia usiku kucha hadi kwenye mto wa Tyyne.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo mwanzoni nililinyamazia, kwa kuwa nilitaka unipende kwanza. Wingu lile lilitokea kwenye tundu, na tundu lile nililikata mimi. Mwanzoni mwa Januari, baridi ilipokaza, Tyyne alilalamika kwamba miguu yake haipati joto. Nikaona joto la sauna linapotea bure. Nikatoboa dari ya sauna, tundu la ukubwa wa sahani, ili joto lipite darini likalale juu ya chumba chake. Sikumwambia mtu, na wanawake wetu huingia saunani bila miwani. Sauna ile aliijenga marehemu, na kwetu unaweza kusinzia kanisani hadi kukoroma ukasamehewa, lakini kutia msumeno kwenye sauna ya baba mkwe ni habari nyingine. Nilikuwa nimeuamini sana wema wangu, hata haikunijia siku moja kwamba joto la sauna halisafiri bila maji yake.

Nikapiga magoti, nikachungulia. Kauko alikuwa amekaa benchi ya juu, uchi kama alivyozaliwa, uso ameuinua, ananitazama.

"Ensio," akasema, "mgongo unaendeleaje?"

Nikamwambia unapata nafuu.

"Hili tundu naliona toka mwezi uliopita. Nikadhani umeweka bomba la kutolea mvuke nje kupitia ukutani." Akajimwagia maji kichwani, taratibu. "Kumbe umeweka jicho."

Baada ya robo saa tulikuwa sote jikoni, Kauko na taulo lake kiunoni, mimi na barafu kwenye nyusi. Kauko ndiye aliyeeleza, kwa maneno machache, bila kunicheka, jambo lililoniumiza zaidi. Raili alipolisikia neno msumeno akageuka akaitazama picha ya baba yake ukutani, kisha akanitazama mimi, na picha ndiyo iliyokuwa na huruma zaidi.

Ningenyamaza ingekwisha. Sikunyamaza. Nikasema bati la maana lingehimili mvuke kidogo. Kauko akasema bati limefanya kazi yake vizuri sana, maana hata tone moja halikutoka nje. Nikasema hata hivyo miaka tisa ni mingi, na watu wa Lindroos Jumatatu wako njiani, tulibadilishe tu, roho zitulie. Raili akainua bakuli la sukari, akachukua ile karatasi, akaitia kwenye jiko la kuni. Iliwaka vizuri kuliko kuni zangu.

Tyyne alikuwa anafikiri.

"Kwa hiyo yale maji," akamuuliza Kauko, "yalikuwa ya kuogea?"

Kauko akakiri kwamba ndiyo, mama, yalikuwa ya kuogea.

"Wiki tano nimelala chini ya jasho la wanaume wawili," akasema Tyyne. "Na mmoja si hata wa familia."

Taulo la Kauko lilianza kutikisika kwa kicheko. Mimi nikajitetea mara ya mwisho. Nikasema lawama nazikubali zote, lakini watu watazame na nia. Tundu sikulikata kwa ajili yangu. Nililikata kwa ajili ya miguu yake, kwa sababu nampenda kama mama yangu mzazi.

Tyyne akamwashiria Raili alichukue lile sanduku mlangoni, alirudishe chini ya kitanda. Akangoja mpaka lilipoondoka. Kisha akanigeukia.

"Nimekusikia, mkwe. Siku ukinipenda tena, niambie mapema nifungue mwavuli."