Mpini wa Kijiko cha Béné

Binti yangu Aurélie alipata kazi ya kufundisha shule ya msingi pale Masisi. Kilichobaki ni mahali pa kumwacha mtoto wake Béné, mwenye mwaka mmoja na miezi minane. Mimi na mke wangu Anastasie hapa Kingi tuko shambani tangu asubuhi. Maharagwe hayajipalilii.

Karibu na shule kuna garderi ndogo, nyumba ya kulelea watoto mchana, ya Mama Epiphanie. Alituambia wazi: "Niko na batoto kumi na tano na mikono mbili. Mutoto asiyejua kukamata kijiko simupokee. Mumulete Jumatatu, nitaangalia."

Kazi ilianza Jumatatu hiyo hiyo. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Béné alikula kwa mkono wa mama yake tu. Ukimpa kijiko, anakitupia kuku. Jioni ile alikitupa mara tisa.

"Basi wachukue mwalimu mwingine," Aurélie akasema.

"Nyamaza. Mimi njo nitamufundisha."

"Weye, Papa?"

"Nani alikufundisha kukamata jembe?"

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mipini naijua. Watu wanatoka Ngungu kuja kuwekewa mipini ya majembe kwangu. Nilikiangalia kile kijiko: chembamba, kirefu, kinageuka mkononi na maharagwe yanaanguka kabla ya mdomo. Jembe la namna hiyo singempa hata adui. Nikakata nusu ya mpini kwa msumeno, nikasugua ncha kwenye jiwe, kisha nikauzungushia ukanda wa mpira wa gurudumu la pikipiki, jinsi ninavyofunga mapanga. Béné alikikamata kwa ngumi nzima. Akampiga mbwa nacho. Kwangu ilitosha, mpini ulikuwa mzuri.

Ijumaa nikamwambia, "Sasa kula." Akaweka kijiko chini, akatia vidole kwenye sahani. Nikatoa vidole, akarudisha. Nikatoa tena, akalia, nami nikapaza sauti. Anastasie alikuwa jikoni anacheka.

"Unacheka nini?"

"Nakucheka weye. Mutoto anaangalia vidole vyako. Weye unakamataka kijiko siku gani?"

Kwetu bugali tunaila kwa mkono, unafinyanga tonge, unachovya kwenye maharagwe. Nimekula hivyo miaka arobaini na saba. Nilikuwa namlazimisha mtoto kitu ambacho hakuna mtu nyumbani anayekifanya. Sikufurahi kuambiwa, lakini alisema kweli.

Jumamosi mchana niliketi kwenye mkeka mbele ya Béné, na kijiko mkononi. Bugali kwa kijiko ni mateso. Inanata, haina hata ladha. Jirani yangu Déo akapita na mzigo wa mihogo, akasimama.

"Papa Aurélie! Uko mugonjwa, ao umekuwa Muzungu?"

"Pita."

"Nangoja nione kama utaleta na kisu."

"Pita, ao utakamata kijiko na weye."

Akatua mzigo, akaketi. Anastasie akampa kijiko. Wanaume wawili wazima, mchana kweupe, tunakula bugali kwa vijiko. Béné akaniangalia mimi, akamwangalia Déo, akaangalia kijiko chake. Maharagwe yake Anastasie alikuwa ameyaponda mazito, yasimwagike. Kijiko cha kwanza kilifika shavuni. Cha pili puani. Cha tatu kikaingia mdomoni.

"Ona bwana mukubwa," Déo akasema. "Anakushinda."

Jumatatu mimi na Aurélie tulimpeleka Béné garderi, na Mama Epiphanie alileta uji na kijiko chake kirefu. Nikatoa chetu mfukoni.

"Hapa tunatumia vyetu, Papa."

"Vyenu vina mpini mubaya."

Alikichukua chetu, akakigeuzageuza, akampa Béné. Béné akakikamata, akatazama huku na huku. Wale watoto wengine walikuwa wamekwisha kula, hakuna wa kumwiga. Mkono wake mwingine ukaanza kuelekea kwenye uji. Nyuma yangu Aurélie aligeuka kuangalia shule. Kengele ya shule ikalia.

Nikavuta kibao, nikaketi. "Mama, nipe na mimi."

"Hii iko chakula ya batoto, Papa."

"Basi nipe sahani tupu."

Akanipa, pamoja na kijiko chake kirefu. Nikala hewa, kwa nguvu, kama mtu aliyetoka kulima. Béné akanitazama hadi mara ya nne. Kisha akachota. Nusu ilimwagika kifuani, nusu ikaingia. Akachota tena.

"Nusu inamwagika," nikasema mwenyewe, kabla mwenye garderi hajasema.

"Ya hawa bote inamwagika," Mama Epiphanie akajibu. "Mama yake aende kazini."

Aurélie alitoka mbio bila kuniaga.

Nilirudi Kingi kwa miguu. Saa saba Anastasie akaweka bugali mbele yangu, na juu yake kijiko. Déo alikuwa mlangoni, amekuja kuangalia.

"Mutoto iko garderi," nikawaambia. Nikakisukuma pembeni, nikanawa mikono, nikafinyanga tonge. Jioni Béné akirudi, kijiko nitakikamata tena.